Umande juu ya Mabingobingo

Kila siku akitoka shule, Somoe alishika mundu akaenda kukata mabingobingo, majani marefu ya kulishia ng'ombe, nyuma ya nyumba yao, kule Miono. Ng'ombe wao mmoja hakupelekwa malishoni kwa kuogopa mbung'o, basi majani ndiyo yaliyomfuata zizini. Maziwa yake alinyweshwa Mosi, mdogo wake Somoe wa miezi mitano, kwa sababu mama yao aliugua hata maziwa yakamkauka kifuani.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika. Somoe, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa akifunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, na kufunga huku unabeba mizigo ya majani si mchezo. Ikifika alasiri, mundu ulikuwa mzito kama shoka.

Bwana shamba, Bwana Mikidadi, alikuwa amewaletea nusu debe ya mbolea ya chumvichumvi. "Kateni kwanza," alieleza. "Machipukizi yakifika kiganja kimoja, na udongo una unyevu, tieni theluthi moja tu, kando ya mashina. Majani yawe makavu. Inayobaki ni ya mara mbili nyingine mtakapokata."

Baba, Mzee Mwinshehe, alimwachia Somoe kazi hiyo. Machipukizi yalipofika kiganja, Somoe aliiwaza alasiri na kiu yake, akaona heri aiwahi. Alfajiri, mara tu baada ya daku, alitoka na kapu. Umande ulikuwa umetapakaa. Akaimwaga mbolea yote juu ya majani, asije akasumbuka tena, akarudi kujilaza kabla ya shule. Maskini, alidhani amejipunguzia kazi!

Siku ya tatu majani yakawa ya kahawia, yameungua. Siku ya nne ikanyesha mvua kubwa, ikaikokota mbolea iliyosalia mpaka bondeni.

"Somoe, ulifanya kama ulivyoelekezwa?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba. Labda mbolea yenyewe mbovu."

Mzee Mwinshehe alishusha pumzi. "Basi Bwana Mikidadi katupa sumu, na kesho nitamwambia mbele ya watu. Ng'ombe naye tumuuze. Mchinjaji anamtaka kwa Idi. Hapa atakula nini?"

Jioni, wakati wa kufuturu, Somoe aliirudisha tende sahanini. Mosi alikuwa amepakatwa na mama, akinywa maziwa kwa kijiko. Somoe akaangua kilio.

"Nisamehe, baba. Niliitia alfajiri, majani yana umande. Tena nikaimaliza yote. Nilichoka, baba, nilichoka sana."

"Njia ya mwongo ni fupi," baba alisema. "Lakini mbona hukuniambia umechoka? Ningekwenda mimi."

"Niliona haya. Wenzangu wanafunga na kazi wanafanya."

Kesho yake walimwendea Bwana Mikidadi, na Somoe akaeleza mwenyewe, neno kwa neno. Bwana shamba alifuatana nao, akafukua shina moja. Mizizi ilikuwa bado myeupe. "Halijafa," alisema. "Kateni yote mpaka chini, mngoje yachipue." Akawapa mbolea nyingine, kidogo tu.

Wiki mbili nzima Somoe na baba yake walibeba majani ya mwitu kutoka bondeni kumlisha ng'ombe, vichwa vikiwauma, shingo zimekakamaa. Machipukizi yalipofika kiganja, walingoja mvua inyeshe, kisha jua likaushe majani. Ndipo wakatia mbolea kando ya mashina, baba akishika kapu.

Siku ya Idi, mabingobingo yakiwa ya kijani kibichi, Bwana Mikidadi alipita kuwatazama.

"Shikamoo, Bwana Mikidadi."

"Marahaba, mwanangu. Kuchoka si dhambi, Somoe. Ukichoka, sema, usaidiwe. Mbolea ina wakati wake: ukiitia penye umande inaunguza, ukiimwaga yote inakwenda na maji. Na kweli nayo ina wakati wake. Yako ilichelewa, ila ilimtangulia mchinjaji."