Midomo ya Kupakwa

Mpigapicha alirekebisha rangi kwenye kompyuta, midomo ya mwanawe ikaacha ubuluu ikawa myekundu, akachapa. Picha nne za pasipoti, za kadi ya kliniki. Mkewe hakuambiwa. Kwa mtoto wa kwanza alifanya vilevile, na yule hakufikisha miezi minane.

"Ni taa za studio," alijiambia. Baba yake alisema hivyohivyo, na babu kabla yake. Studio ilirithiwa, kama kila kitu kwao, hata wake zao. Baba yake na baba wa mkewe walikuwa ndugu wa tumbo moja, na siku ya harusi watu walitania kwamba viti vya upande mmoja vinatosha. Bibi yao, mmoja kwa wote wawili, ndiye aliyeipanga ndoa ile, na ndiye aliyecheka zaidi.

Mke ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa ananyonyesha mchana, mtoto analowa jasho na kuachia ziwa kila mara apumzike, naye alipoinamisha sikio kifuani pake akasikia shuu, shuu, kama mtu anayepuliza moto taratibu. Akamlaza. Sauti ikaendelea, sasa kutoka chumba cha giza, walimosafishia picha zamani. Kilikuwa kimefungwa miaka kumi, lakini harufu ya dawa za picha ilipita chini ya mlango, mbichi kabisa.

"Bibi, unasikia?" akamnong'oneza Bibi, aliyeishi nao.

"Ni mwenyeji huyo. Anawapenda mno watoto wetu. Usimtajetaje."

Akatafuta ufunguo, akaingia. Watoto wa ukoo walikuwa wamepangwa ukutani, picha nyeusi na nyeupe ambazo babu alizipaka rangi kwa brashi, na hakuna hata mmoja wao aliyemjua akiwa mtu mzima. Alilowesha kidole kwa mate akasugua mdomo wa wa kwanza, wekundu ukatoka, chini yake mdomo mweusi kama wino, akasugua wa pili, wa tatu, wa tano, na kila wekundu ulipotoka kulijitokeza kitu nyuma ya kiti cha mtoto, kwanza kivuli, kisha bega, kisha mkono mrefu uliotandazwa kifuani, mkono uleule kwa kila mtoto, na picha ya mwisho ilikuwa ya pasipoti, ya jana, haijulikani iliingiaje, na alipoisugua mkono ule ukaondoka kifuani mwa mwanawe, shuu, ukaja kushika kidole chake, baridi.

Alitoka mbio hadi studio. "Na wewe umempaka?" alimuuliza mumewe.

"Niliogopa ungeona," mume akasema, akalia.

Mganga aliletwa siku hiyohiyo. Akamuuliza mwenyeji yule, "Nani alikukaribisha humu?"

Aliyejibu ni Bibi, kwenye kiti cha wateja, kwa sauti isiyo yake. "Sikukaribishwa. Nilizaliwa humu. Kila nikikaribia kutoka, mnaniozesha kwa binamu, narudi nyumbani."

Mganga akafunga mkoba wake. "Huyu simwezi. Mpelekeni mtoto hospitali sasa hivi, moyo wake usikilizwe. Na nyinyi acheni kuozana ndugu kwa ndugu."

Daktari alikuta tundu kwenye moyo, la kuzaliwa nalo. "Mna undugu?"

"Bibi yetu ni mmoja. Na mtoto wetu wa kwanza alikufa," mke akajibu.

"Wapo wengi waliooana hivyo wakapata watoto wazima. Lakini hatari huongezeka, na kwenu imeshajirudia." Akatazama picha kwenye kadi, akamtazama mtoto. "Hii ni yake kweli?" Mpigapicha aliona aibu iliyomchoma mpaka mifupani.

Mtoto alipasuliwa, akapona. Midomo ikawa myekundu bila ya kupakwa.

Miezi mitatu baadaye Bibi aliingia studio amebeba kichanga cha kike, binti wa kaka wa mpigapicha. Akakilaza kando ya mvulana.

"Wapige pamoja. Hawa tumeshawapanga."

"Hapana, Bibi," mke akasema. Neno hilo halikuwahi kusemwa nyumba ile.

Bibi akatabasamu tu, akaketi, mikono mapajani. Mpigapicha, kwa mazoea, alikuwa ameshabonyeza.

Kwenye kompyuta watoto walitoka vizuri. Nyuma yao palisimama mtu, mkono mmoja kifuani mwa huyu, wa pili kifuani mwa yule. Mpigapicha aliitazama picha muda mrefu. Kisha, mkewe akimwangalia kutoka mlangoni, akaanza kuifuta ile mikono, kama alivyofuta ubuluu wa midomo.