Aliyekaa Mahali pa Mama

Kwenye picha kulikuwa na mkono mmoja zaidi.

Flashi aliikuza kwa vidole viwili mpaka ikawa madoadoa, akaipunguza, akaikuza tena. Ilikuwa picha ya chai ya jioni. Mdogo wake, Kijiko, alikuwa anapuliza kikombe, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta. Birika lilikuwa katikati, likitoa mvuke. Na upande wa kulia, kwenye kiti cha mama, mkono ulikuwa umelala juu ya kitambaa cha meza. Ulikuwa mkono laini wenye kucha ndefu na bangili nyembamba.

Mama hakuwa na bangili. Tena mama hakuwa kwenye kiti. Flashi mwenyewe alikuwa amemwambia, "Mama, sogea kidogo, unanizibia mwanga," na mama akainuka na kikombe chake, akaenda kunywea mlangoni.

"Kijiko, hebu njoo. Huu mkono wa nani?"

Mtoto akachungulia. "Wa mama."

"Mama ana kucha hizi?"

"Siyo mama wa kuku," Kijiko akasema, akarudi kwenye mkate wake. "Mama mwingine."

Flashi akamwambia aache upuuzi, ale. Simu yenyewe ilikuwa kuukuu, aliachiwa na mjomba wake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Akajiambia simu nayo imezeeka, inaota.

Mama yao alikuwa mnyonyoaji wa kuku sokoni. Muuzaji akishachinja, mama alimtumbukiza kuku kwenye pipa la maji ya moto, akamnyonyoa, akatoa matumbo, akamkabidhi mteja kuku mweupe ndani ya mfuko. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha tangu baba alipoondoka kwenda kutafuta maisha, akapotelea huko huko. Mikono ya mama ilikuwa imevimba kwa maji, ngozi inabanduka, na nywele zake zilinuka manyoya mabichi hata azioshe mara ngapi.

Flashi aliacha shule akiwa kidato cha pili. Waliokuwa wenzake darasani hawakumtupa. Miwani, aliyekuwa anakaa naye dawati moja, alimwingiza kwenye kundi lao la simu lililoitwa Siku Zetu. Sharti lake lilikuwa jepesi: kila mtu apige picha moja kila siku, ya maisha ya kwao kama yalivyo, bila kupamba. Wenzake walituma picha za makochi, mapazia marefu, safari za likizo, magari yamesimama kando ya ziwa. Flashi alituma mvuke wa birika, jua likipenya dirishani, unyayo wa Kijiko kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa na jicho, na wote walikubali.

Lakini jicho lake lilijua pia kukata. Ukuta uliobanduka rangi aliukata. Ndoo ya mama ya sokoni aliikata. Na mama naye. Hakumkata kwa ukali. Alimwambia kwa sauti ya upole, "Mama, sogea kidogo," na mama akasogea akicheka, "Haya, bosi wangu wa picha." Miezi ikapita, na katika picha zote za nyumba ile, mama hakuwemo hata moja.

Siku iliyofuata ule mkono, pichani likatokea goti, limefunikwa kitambaa cha kung'aa. Halafu ikaja picha ya tatu. Flashi aliituma harakaharaka, kabla kifurushi cha intaneti hakijaisha, ndipo akaitazama vizuri. Kwenye kiti cha mama alikuwa amekaa mwanamke. Uso wake ulikuwa na ukungu kidogo, kama wa mtu anayetazamwa kupitia mvuke, lakini ulikuwa mzuri, na macho yake yalikuwa yanamtazama mpigapicha moja kwa moja.

Kabla hajapata pumzi, ujumbe ukaanza kuingia.

"Jamani! Kumbe mama yako mrembo hivi! Ulikuwa unamficha?" Huyo alikuwa Miwani.

"Sasa tumejua uzuri ulikotoka."

"Mwambie mama tunamsalimia!"

Flashi alijua la kuandika. Alipaswa kuandika: huyu simjui. Kupitia dirisha alimsikia mama uani akiosha nywele kwa mara ya pili, akikwangua kichwa kwa kucha zake fupi. Uso ukamwaka moto. Kidole kikaenda chenyewe, kikaandika, "Asante."

Nyuma yake, chumba kikiwa kitupu, kiti kililia. Kililia kama kinavyolia mtu aliyekuwa ameketi ukingoni anapoamua, hatimaye, kuegemea.

Tangu hapo nyumba ikawa na harufu ya maua. Siku za mwanzo ilipendeza. Baadaye ilikuwa tamu kupita kiasi, kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Mchana, watu wakiwa kimya, bangili zililia chumbani, ti, ti, ti, zikanyamaza mtu akiingia. Harufu ya manyoya ya kuku ilipungua, na Flashi, Mungu amsamehe, alishukuru.

Kisha mama akaanza kurudi mapema kutoka sokoni.

"Wateja wananipita tu," alisema, akiwa amesimama mlangoni kama mgeni. "Nawaita, hawageuki. Labda nimekuwa hewa." Akacheka. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, ndogo, kama inatoka nyumba ya pili.

"Kaa basi, mama."

"Hapa panatosha," mama akasema. Akala chakula chake akiwa amesimama, na hakukitazama kile kiti hata mara moja.

Adhuhuri moja Flashi alikuwa anafua uani na mama aliposikia Kijiko anaimba ndani, wimbo asiowahi kuusikia, na akaenda kumchungulia, mikono ikidondosha povu. Alimkuta mtoto amekaa kwenye kiti cha mama, lakini hakuwa amekaa juu ya mbao, alikuwa juu zaidi, kama mtoto aliyepakatwa, na kati yake na mbao hapakuwa na kitu ila hewa, na miguu yake midogo ilikuwa inaning'inia na kuchezacheza, na nyuma ya kichwa chake nywele zilikuwa zinajigawa zenyewe mafungu mafungu, zinapishana, zinabana, msuko unateremka taratibu kuelekea shingoni, na kila nywele zilipopishana bangili zililia, ti, ti, na harufu ya maua ilikuwa nzito hata Flashi akahisi anaimeza.

"Kijiko," alinong'ona. "Shuka."

"Mama ananisuka," mtoto akanong'ona pia. "Usimkasirishe."

Flashi akapiga hatua moja kuwaendea. Sauti ya kike, ya upole sana, ikasema karibu na sikio lake:

"Sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

Hakujua alimnyakuaje mdogo wake. Alijikuta uani, Kijiko analia kwapani mwake, na mama amewapa mgongo akianika nguo. Flashi akamshika bega. Vidole vyake vikakamata kitambaa tu, chepesi, kama ameshika gauni lililoanikwa kwenye kamba. Akakaza zaidi, na mbali sana ndani ya kitambaa akaupata mfupa.

"Una nini?" mama akauliza, bila mshangao.

Bibi Mkunga alikaa nyumba ya jirani. Alikuwa amewapokea watoto wa mtaa mzima, Flashi akiwa mmoja wao, na mikono ilipoanza kutetemeka akaacha ukunga, ila watu waliendelea kumpelekea walioingiliwa na mambo. Flashi alipompelekea simu, aliishika mbali na macho yake, akaitazama kwa muda, akaifunika kifudifudi mkekani.

"Huyu haingii nyumba asiyokaribishwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alimkaribisha?"

Flashi akatazama mkeka.

"Mjukuu wangu, mimi nilikuona siku ya kwanza, huna hata uzi mwilini. Leo una aibu gani mbele yangu?"

Ndipo Flashi akamweleza, neno moja moja, mpaka lile la mwisho.

"Hiyo asante ilisikiwa na nani?"

"Wenzangu wa kundi."

"Basi wao wao waisikie ikifutwa. Siyo kwa kuandika. Kwa mdomo, na mama yako akiwa hapo hapo."

"Mbele ya mama?" Flashi akashtuka. "Bibi, si atajua nilimkana?"

"Atajua."

"Hakuna dawa nyingine? Ya kufukiza, hata ya kunywa?"

"Ninao ubani. Utafukuza mbu." Kikongwe akamsogelea. "Mdogo wako ameshamwita mama. Siku na wewe utakayomwita hivyo kwa ulimi wako, yule aliyekuzaa hutampata tena, hata kitambaa hutakishika."

Flashi akawaalika wenzake. Jumamosi alasiri wakaja, Miwani na wasichana wengine wawili, wananukia sabuni nzuri, wamebeba matunda kwa ajili ya mama mrembo. Walikaa wakabanana upande mmoja wa meza. Hakuna aliyegusa kile kiti, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Yuko wapi sasa?" Miwani akauliza. "Mimi nimekuja kujifunza kupaka wanja."

Mama akaingia na sinia la chai. Akaweka kikombe mbele ya kila mmoja. Wakavichukua huku wanaendelea kuongea, kama vile vikombe vimejileta. Alipowapita, Miwani alikunja pua, akamwinamia Flashi.

"Samahani lakini," akanong'ona, "huyu dada wa kazi mmemtoa wapi? Ananuka kama banda."

Mama akasimama na sinia lake tupu. Alikuwa amesikia. Kupitia bega lake Flashi aliuona ukuta.

Harufu ya maua ikapanda. Flashi aliwatazama wale wasichana, kola zao nyeupe, kucha zao safi, na aibu ikamjaa, na papo hapo bangili zikalia na ile sauti ya upole ikamwambia sikioni kwamba ni neno dogo tu, sema ndiyo, dada wa kazi, ndiyo, nani ataumia, yeye mwenyewe ameshazoea kusogea, sema ndiyo halafu uniite, nije niwasalimie wageni wako. Mdomo wa Flashi ukafunguka. Kwa sekunde moja hakujua litatoka neno gani.

"Huyo ni mama yangu," alisema.

Miwani akaweka kikombe chini.

"Ndiye mama yangu, ananyonyoa kuku sokoni, ndiyo harufu yenyewe hiyo, na ndiyo inayotulisha. Yule wa kwenye picha simjui, hajawahi kunizaa, na mliposema ni mama yangu nikasema asante kwa sababu nilimwonea haya huyu, nimekuwa nikimsogeza kwenye kila picha ili nyinyi msimwone, na hiyo asante nairudisha, siitaki, nairudisha!"

Kiti kikaanguka chali bila kuguswa. Maua yakanuka uozo, uozo wa kitu kilichokufa chini ya sakafu, na Kijiko akaanza kulia akimtazama mtu asiyeonekana akipita. Mlango ukafunguka wenyewe. Bangili zikateremka ngazi za mlangoni taratibu, bila haraka, kama za mtu anayeondoka kwa hiari yake.

Miwani alikuwa amekodoa macho, anamtazama mama kana kwamba amechipuka sakafuni. Akainuka, wenzake wakainuka.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, wanangu," mama akajibu. Sauti ilikuwa yake, nzito, ya kuitia wateja.

Hawakumaliza chai. Walipokwisha kuondoka, Flashi alimfuata mama jikoni. Alitaka kusema nisamehe, lakini mama alimtangulia, mikono ikiwa kwenye beseni la vyombo.

"Nilijua."

"Ulijua nini, mama?"

"Nilimkuta amekaa, siku moja nimetoka sokoni. Nikamuuliza, wewe nani? Akaniambia, mwanao ndiye aliyenipa kiti." Mama alisuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Ningeweza kupiga kelele. Lakini nilikuwa nakuona unavyosoma zile sifa, unatabasamu. Nikasema basi, labda huyu ndiye anayemfaa mtoto wangu."

Flashi hakupata mahali pa kuweka uso wake. Alitamani mama amtukane, ampige hata na mwiko. Mama akampa kitambaa afute vyombo.

"Ameenda wapi?" Flashi akauliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Akinipita alisema hafiki mbali."

Wiki hiyo hiyo Flashi alikwenda na simu yake sokoni, alikokuwa hajakanyaga tangu aache shule. Alimpiga mama picha akiwa ameinamia pipa, mvuke umemfunika mpaka kifuani, unyoya umemganda shavuni. Alipiga mikono yake. Alikuwa bado anapiga aliposikia mtu anamwita.

"Wewe si yule binti wa dawati la mbele?"

Alikuwa mwalimu wake wa zamani, kashika mkoba mzuri, anaruka madimbwi ya damu kwa ncha za viatu. Akamtazama mama, akaitazama simu.

"Unapiga picha watu wa sokoni? Vizuri sana. Na huyu mama, mnafahamiana?"

Joto likampanda Flashi usoni. Lilikuja lenyewe, lile lile, kabla hajalikaribisha, likautangulia ulimi. Na katikati ya kelele za kuku, nyuma yake, karibu kabisa na kisogo, bangili zikalia mara moja, kama za mtu anayevuta kiti asogee mezani.

"Ni mama yangu, mwalimu!" alijibu kwa nguvu hata wateja wakageuka. "Mama yangu mzazi!"

Bangili zikanyamaza. Flashi alisubiri zisikike zikienda zake. Hazikwenda.