Kuchi Tisa wa Ntandu

Kibainishi hakikuwa na mikono. Kilikuwa jicho moja la kioo lililoning'inia juu ya mkanda, na chini yake vifaranga wa siku moja walipita kama mtama unaomwagwa, elfu kumi kwa saa. Jicho lilipepesa, likasoma aina na jinsia, kisha pumzi ya hewa ikamsukuma kila mmoja upande wake: majike kwenye makreti, madume kwenye chumba cha usingizi, ambako hawakuamka.

Theodosia alilijua jicho lile kuliko wahandisi wengi wa Singida, maana lilijifunza kwake. Miaka kumi na minane nyuma alikaa mbele ya kamera akiwakunjua mabawa vifaranga chotara, laki mbili na ushei. Manyoya ya ubawa yakipishana urefu, jike. Yakilingana, dume. Ujanani alikuwa akiwachunguza tundu la nyuma, mmoja mmoja, lakini wenye mashine walitaka kasi.

Siku hiyo alisimama kwenye kituo cha kuangulia kwa ajili ya vifaranga tisa tu. Walikuwa kuchi, kuku wa shingo na miguu mirefu, mbegu ya marehemu mumewe, Ntandu, aliyewafuga hata majirani walipomcheka kwamba anafuga twiga. Mwaka ule kideri, tauni ya kuku, kilipita kikafagia banda lote, na kabla ya mvua Ntandu naye akafa. Yalibaki mayai kumi na moja. Sheria ya kideri ilikataza kuangulia nyumbani. Kila yai lilipitia kituoni, na kati ya yale kumi na moja yaliangua tisa. Alichoomba Theodosia kilikuwa kidogo: apatikane jogoo na mtetea, mbegu isikatike. Orodha ya wizara haikuwa na kuchi mwingine nchi nzima.

Jicho likapepesa mara tisa. Aina: haijulikani. Jinsia: dume, wote.

Mughwai, mhandisi wa zamu, alimwambia kwa upole kwamba kanuni inaruhusu kumwachia mmoja. Akamuuliza kama angependa wapimwe tena, kwa mkono.

"Limefundishwa na mimi, mwanangu," alisema Theodosia. "Likisema dume, ni dume."

Wanane wakaingia usingizini.

Yule mmoja alikua na shingo ndefu na ukali wa ukoo wake. Mwezi wa tatu mkia ulikuwa bado mfupi. Mwezi wa tano hakuwa amewika. Zamda wa jirani akachungulia juu ya ua. "Shoga, jogoo wako umemlisha limbwata? Mbona hasemi?"

Theodosia akacheka naye. Macho yake yalikwisha kuona. Lakini kuuliza habari za huyu kulikuwa kuuliza habari za wale wanane, kwa hiyo hakuuliza.

Asubuhi moja alikuta yai pembeni mwa banda, dogo, la rangi ya maziwa, bado lina joto.

Aliketi chini palepale. Kuchi huchelewa kuota manyoya, jike kwa dume; siku ya kwanza mabawa yao hulingana tu. Ntandu alikuwa akimweleza hayo mezani miaka nenda miaka rudi, naye akiitikia bila kusikiliza. Jicho lilifanya kama lilivyofundishwa. Na katika wale wanane, majogoo walikuwamo.

Barua yake kituoni ilijibiwa baada ya miezi miwili. Mughwai alikuja mwenyewe, akavua kofia, akaomba radhi. Kisha akaeleza kwamba kosa linarekebishika: kibainishi kikionyeshwa vifaranga wa kuchi, mia mbili hivi, hakitawakosea tena.

"Mia mbili," alirudia Theodosia.

"Hata mia, mama."

Akamwonyesha kona ya banda. Mtetea alikuwa amelalia mayai saba yasiyoonja jogoo, amevimbisha manyoya, amekonda. Ilikuwa siku yake ya ishirini na sita, na mayai huangua siku ya ishirini na moja.

"Mwambie yeye," alisema. "Mimi nimeshindwa kumwinua."