Mbuzi Aliyepoa Juani

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 15 Februari 1986, karibu na mji wa Mutomo. Asubuhi hiyo Kiilu aliwaosha mbuzi wake wanne kwa dawa ya kunyunyizia pamba.

Kisa ni wivu. Mbuzi wa jirani yake, Kivuva, hawakuwa na kupe hata mmoja. Kila akipita, Kivuva alicheka, "Baba Kalunde, wewe unafuga mbuzi ama unafuga kupe?"

Kivuva alikuwa na mke. Tena mwanawe alimletea dawa ya mifugo kutoka Mtito Andei. Kiilu mkewe alikufa, akamwachia mbuzi mmoja mweupe. Sasa mbuzi huyo alikuwa na mimba.

"Dawa ni dawa," Kiilu alijiambia. "Inaua mdudu wa pamba, itashindwa na kupe?"

Saa sita, jua likiwaka hasa, mbuzi mweupe alianguka. Alitokwa na mate, akatetemeka. Kiilu alimshika masikio. Baridi kama mtungi!

"Kivuva ameniroga! Kalunde, washa moto!"

Binti yake Kalunde hakuwasha. Alikimbia kumwita Syombua, mhudumu wa mifugo.

"Umempata wapi?" Kiilu aliuliza walipofika.

"Kwa Kivuva, akichanja ng'ombe."

"Hata huyo ni wa Kivuva!"

Syombua aliingiza kipimajoto chini ya mkia. "Nyuzi thelathini na sita, mzee. Mbuzi mzima hufika thelathini na tisa. Amekula nini?"

"Hajala kitu. Nimemwosha tu, na hii."

Syombua alitazama kopo. "Hii ni sumu ya pamba! Inapita kwenye ngozi mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio huuambia mwili upate joto au upoe. Sasa umevurugika. Leo ana baridi, kesho anaweza kupata homa. Ukimweka motoni au juani, hawezi kujipoza. Mpeleke kivulini. Na wewe nawa kwa sabuni, una ngozi pia."

"Kopo limeandikwa Kizungu. Wakubwa waliotugawia walisema nyunyiza, wakaenda zao."

Kivuva alitokea na mitungi miwili ya maji.

"Sikukuita," Kiilu alisema.

"Nyamaza, shika pembe."

Walivaa mifuko ya plastiki mikononi, wakawaosha mbuzi wote kwa sabuni na maji mengi. Syombua akawadunga sindano ya kupunguza makali ya sumu. Mmoja alikufa. Hawakumla. Walimzika, shimo refu.

Siku ya tatu masikio ya mweupe yalipata joto. Mwezi wa nne alizaa mapacha. Mbuzi wa Kivuva alizaa mmoja. Kiilu alipita kwa Kivuva mara mbili, apate kuulizwa habari za mapacha.

Siku hizi wanaosha mbuzi pamoja, kwa dawa ya mifugo, wakiipima kama Syombua alivyowafundisha. Ya pamba hukaa mbali, imefungiwa.

Kwenye baraza la chifu Kiilu alisimama mbele ya wakubwa wa serikali. "Josho la kuogeshea mifugo tulichimba wenyewe kwa harambee," alisema. "Sasa ni mwaka wa tatu halina dawa, ndani ni vyura tu. Sumu ya pamba mlituletea mpaka mlangoni. Dawa ya mifugo yetu iko wapi?"