Presha ya Mzee Musili

Nyumbani kwa mzee Musili, kule Kathiani, asubuhi ilianza na makelele. Musili alitoka nje, akatazama mpaka wa shamba. Alipoona mikonge imesogezwa tena, hasira ilimpanda hata kabla ya chai.

"Muthoka! Leo umekula hatua ngapi?"

"Pima na miguu yako, mzee!" ndugu yake alimjibu kutoka ng'ambo. "Kama bado inakubeba!"

Munyiva, mke wa Musili, alimvuta mkono. "Wachana naye, utapandisha presha."

Presha alikuwa nayo kweli. Zahanati walimpima, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Binti yake Mwelu ndiye aliyetunza kadi ya kliniki. Kila mwezi alimsindikiza baba yake, wakapanda kilima polepole, wakarudi na dawa.

Lakini nyumba nzima ilidhani inajua presha hiyo imetoka wapi. Imetoka kwa Muthoka. Kwani watu husemaje? Karo ikichelewa, "niko na presha." Mgeni akija ghafla, "usinipe presha." Basi presha ni kusumbuliwa, na asiyesumbuliwa amepona.

Mwezi wa tano chifu alikuja na wazee. Mpaka ukapimwa, mikonge ikapandwa upya, ndugu wawili wakala mbuzi mmoja.

"Presha yangu imehama," Musili alisema akipangusa mafuta mdomoni. "Kesho mkampime Muthoka."

Walicheka wote, Muthoka akacheka kuliko wote.

Musili akaacha dawa, na vidonge vya siku kumi na nane vilikuwa vimebaki. "Vitaharibika bure," Munyiva alisema. "Mwelu, mpelekee Kasiva. Yule mkaza mwana wake atamuua na maneno."

Mwelu akampelekea jirani yao.

Siku ya kliniki ilipofika, aliiona kwenye kadi. Maharagwe yalikuwa yamekauka shambani na yalitaka kuvunwa. Alimtazama baba yake. Alikuwa juu ya banda la ng'ombe, anapigilia mabati huku akipiga mluzi. Mtu mgonjwa hupiga mluzi? Mwelu akairudisha kadi kabatini, ikabaki humo.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, baada ya kanisa, Muthoka alikuja kunywa chai. Alisimulia jinsi punda wake alivyokataa kuvuka mto mpaka mchungaji akamwombea. Musili alicheka mpaka machozi. Kikombe kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande.

"Wacha mchezo, mzee," Muthoka alisema, bado anacheka.

Mwelu hakucheka. Mkono wa kulia wa baba yake ulikuwa umelegea kama kamba. Alijaribu kusema, maneno yakatoka kama uji.

Walimkimbiza hospitali Machakos kwa gari la jirani. Daktari alisema ni kiharusi. Mshipa umepasuka kichwani.

Musili hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, akiburuta mguu. Maneno mengi hayakurudi naye.

Ndanu, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumwona. Alikaa na Mwelu na mama yake jikoni.

"Mimi sielewi," Munyiva alisema. "Hakuna mtu alimkasirisha. Alikuwa anacheka!"

"Dawa alikuwa anameza?"

Munyiva alitikisa kichwa.

"Ziko wapi?"

"Tulimpa Kasiva," Mwelu alisema, macho chini.

"Aiya! Kasiva ana presha?"

"Ana mkaza mwana."

Ndanu alifunika mdomo. Hakujua acheke au alie. Kisha akasema taratibu, "Sikilizeni. Neno ni moja, lakini lina kazi mbili. Ukisema mgeni amekupa presha, huo ni mfano tu. Ya daktari si mfano. Ni damu yenyewe inasukuma mishipa kwa nguvu, kama maji kwenye mpira uliobanwa mdomo. Hasira inaweza kuipandisha kwa muda, lakini amani peke yake haiiponyi. Mpira haujui kama mmepatana na Muthoka."

"Na hakuwa anasikia uchungu," Mwelu alisema.

"Wengi hawasikii kitu. Ndiyo maana tunapima. Dawa ni ya kila siku, hata ukijiona mzima, mpaka daktari aseme. Na ya mtu mmoja hapewi mwingine."

"Ningeenda siku ile ya kliniki, angekuwa anaongea?"

"Siwezi kukudanganya, Mwelu. Pengine."

Neno hilo Mwelu alilala nalo siku nyingi.

Ndanu alifungua begi lake. "Sasa wewe, Mama Mwelu, leta mkono."

"Mimi? Mimi sina shida na mtu!"

"Mwaitu, mama yangu, leta mkono," Mwelu alisema.

Mashine ilisoma mia moja sitini na nane kwa mia moja na mbili. Ndanu akapima tena baada ya kupumzika. Ilikuwa vile vile, juu mno. Kesho yake Mwelu aliacha ng'ombe bila nyasi, akampeleka mama yake zahanati.

Ndanu naye alikwenda kwa Kasiva. Kasiva alikuwa amemeza vidonge viwili, akashikwa na kizunguzungu. Vingine alikuwa ameviweka, anamngoja mkaza mwana arudi kutoka Matuu ndipo avimeze. Ndanu alivichukua vyote.

Tangu siku hiyo chumvi ilipungua jikoni, na Munyiva na mumewe walimeza dawa kila asubuhi, Mwelu akiwatazama. Muthoka alikuja mwenyewe kupimwa, bila utani.

Mwezi wa kumi na mbili kipimo cha Munyiva kilikuwa kimeshuka hadi mia moja ishirini na sita kwa themanini. Mwelu alikimbia na kadi mpaka kwa baba yake, akamsomea. Musili alimtazama mke wake kwa muda mrefu. Midomo yake ikaanza kutafuta neno.

"Vi... vi..."

Munyiva alitaka kumsaidia. Mwelu alimshika mkono, wakangoja.

"Vi... zu... ri."