Kibao cha Naima

Zubery anauza mchele Iyunga, Mbeya. Ana kirikuu cheupe, kigari cha mizigo, cha kupeleka magunia Iringa, kwa dada yake Shufaa mwenye duka Mlandege.

Zubery na mkewe Mwanakhamisi walisubiri mtoto miaka mingi. Alipozaliwa Naima, baba mtu alifurahi mpaka akapitiliza. Siku ya akika alienda kwa fundi wa vibao, akatengenezewa kibao chenye jina NAIMA. Akang'oa namba ya mbele ya gari, akaitupa chini ya kiti. Kibao cha jina kikakaa mahali pake.

"Inaruhusiwa kweli?" Mwanakhamisi aliuliza.

"Nyuma namba ipo. Serikali ina nyuma, mwanangu ana mbele."

Wiki hiyohiyo trafiki alimsimamisha Mlandege na kumpeleka kituoni.

"Jana gari lenye jina hili lilimgonga mama mmoja hapo Kalenga, likakimbia," trafiki alisema.

"Afande, jana nilikuwa Iyunga! Kadi hii, bima hii, leseni hii. Sasa kosa langu nini?"

Zubery hakuelewa kitu. Aliogopa atalala ndani kwa jambo asilolijua. Akampigia Shufaa. Shufaa akaja na jirani yake Matilda, mwalimu wa udereva.

"Kaka Zubery, namba inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato," Matilda alisema. "Inakaa mbele na nyuma."

"Mbona mjini naona magari yana majina?"

"Hao wameomba TRA. Wakalipia. TRA wakaangalia kama jina limeshachukuliwa na mtu mwingine, wakaliandikisha kwa gari hilo moja. Nalo lina muda wake, ukiisha unalipia tena. Je, fundi wako aliangalia?"

"Aliuliza rangi tu."

"Basi leo anaweza kumtengenezea NAIMA mtu yeyote."

Zubery alianza kuelewa, na hakupenda alichokielewa.

Mume wa majeruhi alifika, akalitazama gari. "Siyo hili. Mke wangu anasema lile lilikuwa la bluu."

Zubery aliachiwa. Faini ya kibao alilipa. Akachukua namba yake chini ya kiti, akaifunga mbele palepale kituoni.

"Na huyo wa bluu mtampata?" aliuliza.

"Kwa jina tu?" trafiki akajibu. "Tunajaribu."

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Kesho yake alipeleka mchele Kalenga, kwa mama Faustina aliyegongwa. Alimkuta amekaa nje, mguu una plasta.

"Pole, mama. Hukuona namba ya nyuma?"

"Baba, gari likikujia unaona mbele. Baadaye nilikuwa mtaroni."

Kisha mama Faustina akaangalia gari la Zubery. Akasoma namba ya mbele polepole, herufi moja moja, tarakimu moja moja, mpaka mwisho.

"Hii ningeikumbuka," alisema.