Karata Iliyobaki Mkononi

Siku walipokutana, duka la kuchapishia lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Wa kadi za harusi walikuwapo, wa karatasi za mitihani walikuwapo, kila mmoja na haraka zake, na feni ya mezani ikipuliza bila kumhurumia mtu. Feni hiyo ndiyo iliyozipeperusha karata za yule dada. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, nywele kazibana kwa penseli, na alipoona karata zake zinatapakaa chini ya miguu ya watu, alipiga magoti palepale bila kujali nani anamtazama.

Aliyeinama kumsaidia alikuwa fundi miwani wa duka la ng'ambo ya barabara, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na vidole vyenye vumbi la vioo. Aliokota karata moja akaisoma.

"Mpiga Mbio. Huyu anakimbilia wapi?"

"Anakimbilia lango lako," dada alijibu, bado yuko chini. "Usipoweka ukuta mapema, umekwisha."

"Mimi sina lango, dada. Nina mlango wa duka, nao kitasa kimekufa."

Dada alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Fundi akaiokota nayo, na kuanzia hapo hakuwa na akili tena ya kumtosha.

Alikuja kujua habari zake kidogo kidogo. Dada huyu alikuwa katibu katika ofisi ya mjomba wake, mji mwingine kabisa, akaiacha kazi ili atunge mchezo wa karata aliouita Ngome. Mama yake alikuwa hajamsamehe. Kampuni moja ya michezo ilikubali kuutoa, lakini kwa masharti: kwanza ujaribiwe vya kutosha, kisha yafanyike mashindano ya kuuzindua. Mashindano yakienda vizuri, wangetoa toleo la pili na kumwajiri awe mtunzi wao. Yakiharibika, angerudi kwa mjomba kupiga chapa barua za watu. Hakukuwa na njia ya tatu, na mwenyewe alilijua hilo.

Ngome ni mchezo wa watu wawili. Kila mmoja ana fungu lake la karata: askari wa kushambulia, kuta za kujikinga, na lango moja la kulinda. Mnapokezana zamu, na lango lako likivunjika umeshindwa. Karata zaidi ungezinunua dukani, ukazikusanya na kubadilishana na wenzako, ukajipangia jeshi unalolitaka. Kampuni ilitaka kuhakikishiwa jambo moja tu: je, anayeanza anapendelewa? Maana anayeanza ndiye anayetangulia kupiga, na akitangulia mno, wa pili anakuwa amekuja kupoteza wakati wake. Jambo hilo hulijui kwa kukisia. Unacheza, unacheza tena, unacheza mpaka unaota karata.

Basi wakacheza. Kila jioni kijana alifunga duka, akanawa mikono, akapanda ngazi hadi chumba cha dada, meza ya plastiki katikati yao na dirisha wazi. Yeye alimwita dada Bosi. Bosi alimwita Fundi, kwa sauti ya kuvuta iliyomfanya Fundi asahau zamu ni ya nani.

Haikupita wiki, Fundi alianza, Mpiga Mbio akamjia mkononi, akamtupa mezani. Mpiga Mbio ndiye askari pekee anayeruhusiwa kushambulia zamu ileile anayoingia. Bosi alikuwa hajaweka hata ukuta mmoja. Kufumba na kufumbua, mapigo machache tu, lango likaenda. Mchana ule mama yake alikuwa amempigia kumwambia kiti chake ofisini bado hakijapata mtu, aache utoto. Machozi yalimlenga Bosi, akajifanya anatafuta penseli iliyokuwa kichwani mwake.

Fundi alimhurumia mpaka ndani ya mifupa. Akajiapiza kimoyomoyo kwamba uso ule hatausababisha tena. Na hapo, jamani, kwa nia njema kabisa, ndipo alipoharibu kila kitu.

Tangu siku hiyo, kila alipoanza yeye na Mpiga Mbio akamjia, alimwacha mkononi. Alisema hajampata, bahati yake mbaya siku zote. Mchezo ukiisha alizikusanya karata haraka na kuzichanganya kabla Bosi hajaziona. Bosi akianza, alishinda, na Fundi alimwambia kwamba mwenye mchezo atashindwaje katika mchezo wake. Fundi akianza, leo alishinda huyu, kesho yule. Bosi akaliangalia jambo hilo pande zote akaona kuanza si kitu, ila yeye mwenyewe ni hodari. Alifurahi, maskini, akawa anatembea akiimba.

Mapenzi yao yalinoga hasa. Bosi alikuwa na tabia ya kupiga simu dukani saa za kazi.

"Bosi, nina mteja mbele yangu," Fundi alimwambia siku moja. "Nimemvua miwani yake, hata mimi hanioni."

"Vizuri. Basi sema unanipenda, hatajua nani amesema."

Fundi akasema, kwa sauti ndogo. Mteja akamkumbusha kwamba ubovu wake ni wa macho, masikio ni mazima, na akawapa hongera.

Kuna mara moja Fundi alitaka kusema kweli. Ilikuwa siku ambayo Bosi aliiarifu kampuni kwamba mchezo uko tayari. Alikuwa amevaa gauni jipya la manjano, anazungukazunguka chumbani na simu mkononi, anamwambia mama yake kwamba ofisini kwa mjomba wamtafute mtu mwingine. Fundi alifungua kinywa. Bosi akamgeukia, uso wote unang'aa, akamuuliza alitaka kusema nini. Fundi akasema gauni limempendeza. Kweli lilimpendeza, lakini sicho alichokuwa akitaka kusema.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi mkubwa, meza zimepangwa safu kwa safu, vijana wametoka kila pembe. Bosi alisimama karibu na meneja wa kampuni, mikono ndani ya mifuko. Vijana hawa si watu wa kuoneana huruma. Asubuhi ile ile walimgundua Mpiga Mbio, wakamjaza mafunguni mwao kadiri kanuni zilivyoruhusu, na aliyeanza akashinda. Meza baada ya meza, aliyeanza akashinda. Kufikia mchana ukumbi ulikuwa unachekesha, kama kucheka kungewezekana. Wachezaji wawili walikaa, wakarusha sarafu kuamua nani aanze, na aliyekosa akampa mwenzake mkono, akafunga karata zake, akaondoka. Hawakuona sababu ya kucheza.

Kijana mmoja mwenye kofia alimjia Bosi, kwa adabu tu, akamuuliza waliujaribu mchezo huu na nani. Bosi akamwonyesha Fundi, aliyekuwa amesimama ukutani. Kisha akageuka kumtazama, na mkono ukabaki palepale ulipoonyesha.

"Ulikuwa unampata," alisema. "Mpiga Mbio. Ulikuwa unampata siku zote."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini?"

"Ulilia ile siku ya kwanza nilipomtupa."

"Nililia kwa ajili ya mama," Bosi alisema. "Hata kuniuliza hukuniuliza."

Meneja alikuwa ameshaondoka bila kuaga. Bosi alimfuata nje, na hakurudi ukumbini.

Simu za Fundi hazikupokelewa. Alikwenda mpaka mlangoni akaambiwa na jirani kwamba dada hataki mtu. Alivunja vioo viwili vya wateja, akamkatia mama mmoja miwani ya macho ya mtu mwingine. Kisha, adhuhuri moja, simu ililia, na ilikuwa sauti ile ile ya kuvuta, ila imechoka. Alimwambia aje.

Alimkuta amevaa sketi ya kahawia ya ofisini na blauzi iliyofungwa mpaka shingoni. Masanduku yalikuwa yamefungwa. Meza ya plastiki ilikuwa bado pale pale, na mafungu mawili juu yake.

"Anza wewe," alisema. "Na leo ucheze."

Fundi aliomba asiambiwe afanye hivyo. Bosi akaketi, akangoja. Basi Fundi akachukua karata zake, na Mpiga Mbio alikuwapo, akamtupa mezani kwa mkono uliokuwa mzito. Lango la Bosi likapata ufa.

Ndipo Fundi alipoona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Bosi hakuwa na ukuta, hivyo akawachukua askari wake mwenyewe akawasimamisha langoni wafe badala ya ukuta, jambo ambalo kanuni hazikulikataza wala hakuna aliyelifikiria, hata yeye aliyeziandika. Pigo lililofuata likaishia kwa askari. Akarudisha lake, lango la Fundi likaanza kupasuka. Fundi ilimbidi akae afikiri, jasho likamtoka. Walikwenda bega kwa bega hadi mwisho, na Fundi akashinda kwa pigo moja, lile alilotangulia nalo tangu mwanzo.

"Umeona?" Bosi alisema, machozi yakimtiririka bila kuyaficha. "Pigo moja tu. Ningebanwa hivi mapema ningeliona. Ningeandika kwenye karata kwamba Mpiga Mbio asishambulie zamu ya kwanza, basi, ingetosha."

"Usiende. Nataka kukuoa, Bosi. Nilikuja na neno hilo."

Bosi alimshika mkono, akalipapasa vumbi la vioo lililokuwa vidoleni.

"Nakupenda, hilo halijaisha, na ndilo linaloniuma. Lakini nikikupikia ukasema kitamu, nitajuaje? Nikikuuliza kama nimekosea ukasema sijakosea? Siwezi kuishi na mtu anayeniachia nishinde."

"Kuanzia leo nitakwambia kweli."

"Utajaribu. Halafu siku moja nitakuja nimenuna, na utanihurumia."

Fundi alimsaidia kufunga kamba ya sanduku la mwisho, akashuka ngazi, akavuka barabara, akakaa kwenye kiti chake cha kazi bila kuwasha mashine. Wale askari waliosimama langoni hawakumtoka akilini. Alikuwa akiketi meza moja na mchezaji wa ajabu muda wote ule, na kwa kumwogopea machozi, hakuwahi kumpa nafasi ya kucheza. Aliona lazima amwambie, hata kama ndilo la mwisho. Akapiga, na Bosi akapokea.

"Ile ya kuwasimamisha askari langoni," Fundi alisema. "Sijaona mtu akicheza vile maishani mwangu. Hata ukumbini hakukuwa na wa kukufikia."

"Unasema kweli?" Bosi aliuliza.

"Kweli kabisa."

"Haya, asante, Fundi," alisema, kwa upole wa mtu asiyetaka kumvunja moyo mwenzake, na Fundi akajua kwamba hakumwamini.